Maswali ya Wasomaji: Mchezaji arudi uwanjani lini?

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa walimu wa michezo, wazazi na wanafunzi wa sekondari wenyewe, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: kijana ameumia, atacheza tena lini? Wengi wanataka tarehe. Sisi tunawapa vipimo, kwa sababu kiungo kinaweza kuacha kuuma wiki kadhaa kabla hakijawa na nguvu ya kukimbia, kuruka na kugeuka ghafla.

Kifundo kimeteguka, fainali ni baada ya siku kumi

*Mchezaji wangu wa netiboli alitua vibaya, mguu ukapindukia ndani na kifundo kikavimba papo hapo. Wenzake walimkanda kwa maji ya moto na kumchua. Leo ni siku ya nne, uvimbe umepungua, na anasema atacheza fainali siku kumi zijazo akifungwa bendeji. Alipaswa kupigwa eksirei? Nimruhusu? — Mwalimu wa michezo*

Mwalimu, haja ya eksirei inapimwa kwa kidole gumba na hatua nne. Utaratibu huu ulitungwa na madaktari wa Ottawa, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na unatumika katika nchi nyingi. Bonyeza ukingo wa nyuma wa mfupa uliotokeza upande wa nje wa kifundo, kuanzia ncha yake ya chini hadi sentimita 6 kwenda juu. Fanya vivyo hivyo upande wa ndani. Kisha bonyeza kinundu kilicho katikati ya ukingo wa nje wa wayo, na kile cha upande wa ndani, mbele kidogo ya kifundo. Mwisho mwambie atembee hatua nne, hata kwa kuchechemea. Mfupa ukiuma popote kati ya hapo, au hatua nne zikimshinda, apelekwe eksirei.

Kwa kijana ambaye bado anarefuka kuna tahadhari ya ziada. Karibu na ncha za mifupa yake kuna sehemu za ukuaji, ambazo ni laini kuliko mfupa wenyewe na mara nyingi ni dhaifu kuliko kano zilizo jirani. Nguvu ambayo ingechana kano ya mtu mzima inaweza kupasua sehemu hiyo kwake. Kwa hiyo maumivu yakikaa juu ya mfupa wenyewe, upana wa kidole hivi kutoka kwenye ncha yake, badala ya kwenye nyama laini iliyo mbele na chini yake, aonwe na daktari hata kama anatembea.

Maji ya moto na kuchua havifai katika siku mbili tatu za kwanza. Mishipa midogo iliyokatika bado inavuja damu, na joto na msuguo huongeza uvujaji. Safari nyingine tumieni bendeji ya kunyumbuka, ianzie kwenye mashina ya vidole na kupanda juu, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Vidole vikipoa, vikibadilika rangi au vikifa ganzi, ifunguliwe na kufungwa upya. Mguu uwekwe juu kuliko kifua. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 kila baada ya saa 2 au 3 siku ya kwanza, husaidia kutuliza maumivu. Lakini barafu haiungi kano.

Sasa fainali. Kifundo kilichovimba papo hapo kwa kawaida kimechanika nyuzi za kano, wala hazikuvutika tu, na siku kumi na nne kwa jumla ni chache. Kano hubeba pia mishipa ya fahamu inayoujulisha ubongo mguu umekaaje. Ikichanika, taarifa hiyo huchelewa, mguu hupinduka tena kabla misuli haijauzuia, na ndiyo maana mtu aliyeteguka mara moja huteguka tena na tena. Bendeji hairudishi taarifa hiyo. Mazoezi ndiyo yanayoirudisha.

Aanze leo, mradi mifupa imeonekana salama: auchezeshe mguu juu na chini na kuandika herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, mara kadhaa kwa siku. Akiweza kutembea bila kuchechemea, ainue visigino kwa miguu yote miwili, seti 3 za mara 15, kisha mguu mmoja. Asimame kwa mguu ulioumia sekunde 30, mara 3, kwanza macho wazi, baadaye macho yamefumbwa, baadaye akidaka mpira. Halafu kukimbia kwa mstari ulionyooka, na mwisho kabisa kukimbia kwa kupinda kona.

Kabla ya kumpa jezi, mlinganishe mguu ulioumia na mzima. Asimame mbele ya ukuta, kisigino chini, agusishe goti ukutani. Umbali wa kidole cha mguu na ukuta usitofautiane zaidi ya sentimita 2 kati ya miguu yote miwili. Ainue kisigino kwa mguu mmoja mara 20 bila kushika kitu. Aruke mbele kwa mguu mmoja na kufikia angalau asilimia 90 ya mguu mzima. Akimbie kwa kupinda kona kwa kasi yake yote bila kusita. Akishindwa hata kimoja, fainali hiyo aitazame akiwa nje. Akifaulu vyote, acheze akiwa amevaa kifunga kifundo cha kamba au tepu, na aendelee hivyo kwenye mazoezi na mechi kwa miezi 6 au zaidi, huku zoezi la kusimama kwa mguu mmoja likibaki katika ratiba yake.

Nilipigwa kichwani lakini sikuzimia

*Shikamoo. Mimi ni golikipa, kidato cha tatu. Juzi nilipigwa goti kichwani, nikaona giza kidogo, nikamaliza mechi. Tangu jana kichwa kinauma na mwanga wa darasani unanisumbua. Kocha anasema kwa kuwa sikuzimia si kitu. — Golikipa*

Marahaba mwanetu. Umefanya vyema kuandika, ila barua hii mwonyeshe mzazi wako leo na uende ukaonwe na daktari, usisubiri jarida lingine. Walio wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawazimii kabisa. Kichwa kuuma, mwanga au kelele kukera, kizunguzungu, kichefuchefu, kuwa mzito wa kufikiri, kukasirika ovyo na usingizi kuvurugika ni dalili tosha, na zinaweza kuchelewa saa kadhaa baada ya pigo, kama ilivyokutokea.

Kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo ni pale mtu anapotapika zaidi ya mara moja, kichwa kinapozidi kuuma, anapopata degedege, anapoona vitu viwili viwili, mikono au miguu inapolegea au kufa ganzi, shingo inapouma, anaposinzia kiasi cha kuwa mgumu kuamshwa, au anapozidi kuchanganyikiwa. Shingo ikiuma, asiinuliwe wala kugeuzwa na mtu asiyejua. Kichwa kishikwe kisitikisike hadi msaada ufike.

Kocha wako naye asome hapa. Mchezaji akipigwa kichwani, muulize maswali ya kumbukumbu: tuko uwanja gani, hiki ni kipindi cha ngapi, nani kafunga mara ya mwisho, mechi iliyopita tulicheza na nani, tulishinda? Akikosea hata moja, ametoka. Lakini akipatia yote haina maana kwamba ni mzima. Shaka peke yake inatosha kumtoa, na siku hiyo harudi uwanjani. Ubongo uliotikisika ukipigwa tena kabla haujatulia unaweza kuvimba kwa dakika chache. Ni nadra, lakini huua, na wengi walioripotiwa ni vijana wa umri wako. Kwa hiyo hapa hatumwachii mtu nafasi ya kujadiliana.

Pumziko la leo si la kulala gizani wiki nzima kama zamani. Saa 24 hadi 48 za kwanza punguza shughuli, punguza simu na skrini, tembea taratibu nyumbani. Baada ya hapo unapanda ngazi, kila ngazi angalau saa 24: shughuli za kawaida za siku, kisha kutembea haraka au baiskeli isiyosogea, kisha mbio na mazoezi ya mchezo wako ukiwa peke yako, pasipo hatari ya kupigwa kichwani, kisha mazoezi na timu bila kugongana, kisha, kwa idhini ya daktari, mazoezi kamili, mwisho mechi. Katika ngazi tatu za mwanzo dalili zikiongezeka kidogo na kutulia ndani ya saa moja, si mbaya. Zikizidi, simama na ujaribu tena kesho. Kuingia ngazi ya nne kunahitaji uwe huna dalili yoyote, hata ukitoka jasho. Masomo yatangulie: asiyeweza kukaa darasani siku nzima hawezi kudaka mipira. Vijana wengi hupona ndani ya wiki 4. Zikizidi, urudi kwa daktari.

Uvimbe mgumu chini ya goti

*Mwanangu ana miaka 13, anacheza kikapu, na ana kinundu kinachouma chini ya pia ya goti. Je, ni uvimbe mbaya? — Mama wa mchezaji*

Mama, kwa maelezo yako inaelekea ni hali inayoitwa Osgood-Schlatter, iliyoelezwa na madaktari wawili mwaka 1903. Kano ya pia ya goti imejishika kwenye sehemu ya ukuaji iliyo juu ya ugoko. Katika miaka ya kurefuka kwa kasi, mfupa huitangulia misuli, misuli ya paja hukaza, na kila mruko huivuta sehemu hiyo hadi inachokonoka na kuvimba. Huisha ukuaji unapokamilika, ingawa kinundu chenyewe kinaweza kubaki.

Hahitaji kuacha michezo yote. Tumia kipimo cha maumivu cha 0 hadi 10: yakibaki 3 au chini wakati wa mchezo na yakawa yameisha kesho asubuhi, aendelee. Yakivuka hapo, punguzeni siku za kuruka na kukimbia badala ya kumpa dawa. Anyooshe misuli ya mbele ya paja sekunde 30, mara 3 kila siku, na avae kitu laini gotini anapopiga magoti. Maumivu ya usiku akiwa amelala, goti lililojaa maji, homa, kuchechemea au maumivu yaliyoanza ghafla baada ya mruko mmoja ni mambo mengine kabisa; hayo yapimwe haraka.

Magoti ya wasichana

*Katika misimu miwili wasichana watatu wa timu yangu wamechanika kano ya ndani ya goti, na hakuna aliyeguswa na mpinzani. Tunafanya kosa gani? — Kocha wa soka*

Kocha, kutoguswa ndiyo sura ya kawaida ya jeraha hili. Kano hiyo, iitwayo kano ya msalaba ya mbele, huchanika mchezaji anapotua au anapogeuka, goti likiwa karibu limenyooka na likiangukia ndani, kiwiliwili kikiwa kimelalia upande. Baada ya kubalehe, wasichana huipata mara 2 au zaidi kuliko wavulana katika michezo ile ile. Habari njema ni kwamba kutua ni ufundi, na ufundi hufundishika.

Programu iliyochunguzwa zaidi ni FIFA 11+. Ina mazoezi 15 na huchukua dakika 20 hivi: dakika 8 za mbio za taratibu zenye kufungua nyonga na kugongana mabega na mwenzako, dakika 10 za nguvu, mizani na kuruka, na dakika 2 za mbio za kasi na kona. Timu zilizoifuata kwa uaminifu, wakiwamo wasichana wa miaka 13 hadi 17 huko Norwei, zimepungukiwa majeraha kwa kiasi kikubwa. Ifanye angalau mara 2 kwa wiki mwanzoni mwa mazoezi. Siku ya mechi fanya sehemu ya kwanza na ya tatu tu.

Sehemu ya kati ndiyo yenye dawa, na ndiyo makocha wanayoiruka. Kujishikilia kwa viwiko, tumbo likitazama chini, sekunde 20 hadi 30 mara 3. Kisha kwa ubavu, muda huo huo kila upande. Kusimama kwa mguu mmoja na mpira mkononi, sekunde 30 mara 2. Kuchuchumaa na kuinuka hadi ncha za vidole, sekunde 30 mara 2. Kuruka juu na kutua, sekunde 30 mara 2. Kwa misuli ya nyuma ya paja, mchezaji apige magoti, mwenzake amshike vifundo, ajishushe mbele taratibu akiwa amenyooka kuanzia magotini hadi mabegani, hadi nguvu zimwishie na mikono imdake. Anayeanza afanye mara 3 hadi 5, azoee hadi 7 hadi 10, kisha 12 hadi 15. Zoezi hili huacha misuli ikiuma vikali mwanzoni, kwa hiyo usilianzishe siku moja kabla ya mechi. Timu nyingi huliacha wiki ya pili kwa sababu hiyo, ilhali ndipo maumivu yanapoanza kupungua.

Macho yako yawe kwenye goti. Kila mruko, goti likae juu ya kidole cha pili cha mguu, lipinde, kutua kuwe kimya. Ukisikia kishindo, mguu umetua ukiwa umenyooka. Anayeangusha goti ndani arudishwe zoezi jepesi hadi arekebishe, hata akiwa ndiye mfungaji wako bora. Kurudia kosa mara 30 ni kulifundisha. Ule mtindo wa kukaa chini na kujinyoosha kwa dakika nyingi kabla ya mechi haukingi goti, na kunyoosha msuli mmoja zaidi ya sekunde 60 mfululizo huupunguzia nguvu kwa muda. Uhamishie baada ya mazoezi.

Hao watatu wasirudi kwenye mechi kabla ya miezi 9 tangu upasuaji, hata goti likionekana zuri, na ni pale tu nguvu na mruko wa mguu huo vimefikia angalau asilimia 90 ya mwingine.

Ugoko unauma, hedhi imekatika

*Nina miaka 16, nakimbia mita 3,000. Ugoko unauma sehemu moja, hata usiku. Nimepunguza chakula ili niwe mwepesi na sijapata siku zangu miezi minne. Je, yana uhusiano? — Mkimbiaji*

Yana uhusiano mkubwa, mdogo wetu, na tunakusihi usimame kukimbia tangu leo. Ugoko unaouma kwa urefu, ukingo wa ndani, ukapungua mwili ukipata moto, mara nyingi ni uchovu wa mfupa na nyama zake. Ugoko unaouma mahali unapoweza kupafunika kwa ncha ya kidole, ukauma usiku na ukiruka kwa mguu mmoja, unatia shaka ya ufa wa mfupa. Eksirei ya wiki 2 au 3 za kwanza inaweza kuonekana safi ilhali ufa upo, kwa hiyo usiitumie kama ruhusa ya kurudi.

Mwili usiopata chakula cha kutosha kulipia mazoezi hufunga kazi ambazo unaweza kuishi bila hizo kwa sasa, na hedhi ni mojawapo. Homoni inayoshuka hapo ndiyo inayolinda mifupa, na umri wako ndio wa kuijenga. Hedhi kukosekana miezi 3 mfululizo ni sababu ya kumwona daktari, hata bila maumivu yoyote. Wanaokuambia ni alama ya mazoezi mazuri wanakupotosha. Ufa wa ugoko huchukua kwa kawaida wiki 6 hadi 8, na zaidi ukiwa upande wa mbele. Kama maumivu yako kwenye kinena, uharaka ni mkubwa zaidi, maana shingo ya mfupa wa paja inaweza kuvunjika kabisa.

Vidonge kabla ya mechi

*Wachezaji wetu humeza diklofenaki au ibuprofeni kabla ya mechi ili wasisikie maumivu. Kuna ubaya? — Meneja wa timu*

Upo. Maumivu ndiyo yanayomwambia mchezaji kwamba kiungo kimefikia kikomo, na dawa hizi zikimezwa mtu akiwa anapungukiwa maji zinaweza kuumiza figo. Anayehitaji kidonge ili acheze hajawa tayari kucheza.

Shule haina daktari

*Tuna uwanja, timu sita, na hatuna mganga wala bajeti kubwa. Tuanzie wapi? — Mkuu wa shule*

Mheshimiwa Mkuu, mengi yanayookoa uhai ni mpango kuliko vifaa. Andikeni ukurasa mmoja na kuubandika uwanjani: nani anabaki na majeruhi, nani anapiga simu, namba gani, nani anafungua lango na kuipokea gari, ufunguo uko kwa nani. Fanyeni jaribio kila mwanzo wa muhula.

Mchezaji anayeanguka bila kuguswa na asiitike, chukulieni moyo umesimama. Kutweta mara moja moja si kupumua, na mtikisiko mfupi wa mwili usiwadanganye kuwa ni kifafa. Kandamizeni kifua katikati, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukatiza, huku mwingine akileta mashine ya kushtua moyo kama ipo. Kila dakika bila kukandamizwa kifua wala mshtuko huo hupunguza nafasi ya kuokoka kwa asilimia 7 hadi 10, kwa hiyo isifungiwe ofisini.

Siku za joto kali, mchezaji anayeyumba, kusema ovyo au kuanguka ana kiharusi cha joto hadi ithibitike vingine, hata kama jasho linamtoka. Mpoeni kwanza, msafirisheni baadaye. Mtumbukizeni hadi shingoni kwenye beseni kubwa la maji na barafu, mtu akimshika kwapani kichwa kisizame, maji yakikorogwa, kwa dakika 10 hadi 15 kama hamna kipimajoto cha njia ya haja kubwa. Cha kwapani hudanganya. Bila beseni, mmwagieni maji baridi mfululizo na kubadilisha taulo zenye barafu mwili mzima. Msimnyweshe kitu akiwa amechanganyikiwa, wala msimpe kidonge cha homa. Kuzuia, mwanzo wa msimu ongezeni muda na ukali wa mazoezi polepole kwa siku 7 hadi 14 ili miili izoee joto.

Kabla ya msimu, kila mzazi ajibu kwa maandishi: je, mtoto amewahi kuzimia au kuumwa kifua akikimbia? Kuna ndugu wa damu aliyekufa ghafla kabla ya miaka 50? Ana pumu, selimundu, kifafa? Jibu la ndiyo kwa swali lolote limpeleke kwa daktari kabla ya mazoezi ya kwanza. Saa za mazoezi na mechi kwa wiki, timu zote zikijumlishwa, zisizidi umri wa mwanafunzi kwa miaka, na apate angalau siku 1 ya kupumzika. Wanaoumia zaidi mara nyingi ni wale wenye vipaji wanaochezeshwa timu tatu, na kila kocha anahesabu za kwake tu.

Sandukuni wekeni bendeji za kunyumbuka za upana wa sentimita 7.5 na 10, shashi, glavu, tepu, mkasi, kitambaa cha pembetatu, magango mawili ya kufungia mfupa uliovunjika, na mifuko ya plastiki ya barafu. Dawa ya kuvuta ya mwenye pumu ikae kwenye benchi ikiwa na jina lake, isibaki bwenini. Na wekeni daftari la majeraha: tarehe, mchezo, kiungo, aliumiaje, amekosa siku ngapi. Mwisho wa muhula mlisome pamoja na makocha. Vifundo vikiwa vingi kuliko vingine, kagueni mashimo ya uwanja na kuanzisha mazoezi ya mizani. Misuli ya nyuma ya paja ikiongoza, tazameni ratiba ya mechi na lile zoezi la kujishusha tulilomweleza kocha wa soka hapo juu.